Vitabu vya Baba Vilivyojalidiwa kwa Kalenda

Baba anatengeneza programu za kompyuta kwenye ofisi moja Rockville, huku Marekani. Kila kijana wa Kitanzania anayempigia simu akitaka kuingia kwenye kazi hiyo huambiwa vilevile: acha video za mtandaoni kwanza, soma vitabu vitatu. Cha kwanza kinafundisha kuandika programu ambayo mwenzako ataielewa. Cha pili, kurekebisha programu ya zamani bila kuivuruga. Cha tatu ni kinene, kinahusu hifadhidata, na nadhani hata yeye hakukimaliza.

Vyote amevijalidia kwa karatasi za kalenda, upande mweupe nje, kama walivyofanyia madaftari shuleni kwao. Juu hajaandika kitu. Yeye anavijua kwa kuvishika tu.

Tulipokuwa tunakaa Adelphi, nikiwa na miaka tisa, kila Jumamosi asubuhi tulisoma kile cha kwanza mezani. Ananieleza kwa Kiswahili, namjibu kwa Kiingereza. Nilikuwa naona aibu kuuliza, basi akanipa penseli: nisipoelewa niandike pembeni, lakini kwa Kiswahili. Nikaandika mengi. "Kwa nini jina refu hivi?" "Hapa baba amechoka." Kesho yake nakuta majibu chini, kwa mwandiko wake mdogo. Siku hizi tuko Woodbridge, mbali na ofisi yake, anaondoka mapema kukwepa foleni, na hatusomi tena. Sijamwambia kwamba bado huwa nakichukua, nasoma yale ya pembeni tu.

Wiki iliyopita baba mdogo, binamu yake baba, alipita kuazima cha pili ajiandae na usaili wa kazi. Baba akanituma kabatini. Nikachukua harakaharaka, maana nilitaka kukimbilia chumbani kabla sijaulizwa habari za shule. Jioni nikagundua nimempa kile cha kwanza, chetu.

Siku mbili nilikuwa naandika ujumbe na kuufuta. Kwamba atasoma upuuzi wangu, sawa. Ila yeye ni mtu msafi sana, na penseli inafutika. Mwishowe nikapiga, nimesimama jikoni.

"Shikamoo ba'mdogo. Kile kitabu... siyo chenyewe. Tafadhali usifute yale ya penseli."

"Marahaba mwanangu. Nifute? Umeuliza maswali ambayo mimi naona aibu kumuuliza baba yako."

Akacheka, akasema hata pale baba alipochoka na yeye alichoka palepale. Akauliza akirudishe Jumapili? Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Maliza kwanza," nikamwambia. "Ukikwama, andika na wewe. Kwa penseli."

Nilipokata simu baba alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alikwenda kabatini, akakipima mkononi kile cha pili, akasema, "Kumbe hiki kipo," halafu akakiacha mezani badala ya kukirudisha.

Leo ni Alhamisi, Jumamosi ni keshokutwa. Bado kipo palepale, na nimeshaichonga penseli.