Blanketi la Bibi Yustina

Nilipokuwa mtoto, sijavunja ungo bado, mimi ndiye niliyekuwa nakata blanketi la Bibi Yustina. Naliweka hilo mbele kabisa ili asije mtu akadhani nakaa hapa kuwalaumu wengine. Wengine waliomba, wengine walibembeleza, wengine walipiga magoti mlangoni kwetu, lakini wembe nilikuwa nao mimi.

Bibi Yustina alikuwa shangazi yake baba. Alifiwa na mume angali kijana, watoto hakujaliwa, akarudi kukaa kwao, ndiyo kwetu, kijiji kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka misheni ya Tosamaganga. Ni miaka ya hamsini hiyo, Mwingereza bado yupo. Baba alikuwa Mufindi kwenye chai, anarudi mara moja kwa mwaka, kwa hiyo nyumbani tulibaki mama, Bibi, mimi, na mdogo wangu Gaudensi aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Mama na Gaudensi walilala chumba cha ndani, na blanketi lao moja lililochakaa. Mimi nililala na Bibi jikoni, kando ya moto.

Sikumbuki ni lini watu walianza kumwita mtakatifu. Mama alinisimulia kwamba ndui ilipoingia, kabla sijazaliwa, watu waliwakimbia wagonjwa wao wenyewe, na Bibi akawa anaingia nyumba kwa nyumba na mtungi wa maji, anaosha vidonda, analisha watu uji, na ndui haikumgusa. Mimi niliyoyaona kwa macho yangu ni madogo zaidi. Niliona anakula mara moja tu kwa siku. Niliona anatoka alfajiri ya Julai kwenda kusali, peku, majani yamegandwa na barafu nyembamba, na upepo wa Iringa mwezi huo anayeujua anaujua. Waliokutana naye njiani, wamejikunyata ndani ya migolole yao, waliitazama miguu ile wakatikisa vichwa. Basi likazuka neno kwamba Yustina hasikii baridi. Ana joto lake, kapewa na Mungu, haliishi. Hata Walutheri wa ng'ambo ya mto walisema hivyo, na wale mambo ya watakatifu hawana habari nayo.

Blanketi alipewa na Bwana Salumu, mwenye duka la njia panda, Mwislamu, wazee wake walitoka pwani. Bibi alimzalisha mkewe mtoto aliyekuwa amekaa vibaya tumboni, na wote wawili wakapona. Sikukuu ya Idi ilipofika Bwana Salumu akaja mwenyewe, blanketi begani, jipya, la kijivu, lina mistari miwili myekundu.

"Mama, jifunike," alisema. "Najua wewe ni walii. Lakini walii naye ana mifupa."

Bibi alicheka. Nilimwona akilipapasa jioni ile, akilipeleka shavuni, na nikafurahi sana, maana na mimi nilikuwa nalala humo.

Kipupwe kilipoanza, mtoto wa jirani alishikwa na degedege. Degedege kwetu halikupelekwa hospitali. Watu waliamini mtoto akichomwa sindano akiwa nalo anakufa palepale. Wakamkimbiza kwa Bibi. Dawa hakuwa nayo. Alivua blanketi mabegani, akamfunika mtoto, akaanza kusali. Mtoto akapiga chafya, akalia, akatafuta ziwa la mama yake. Ni hilo tu. Kesho yake yule mama akarudi kuomba uzi mmoja amfunge mwanawe mkononi, degedege lisije likarudi.

Masharti yalivyozuka mimi sijui, maana hakuna aliyekaa akayatunga. Lakini haikupita wiki mbili kila mtu akawa anayajua. Uzi hautoshi, kiwe kipande. Kikatwe na msichana wa nyumba ileile ambaye hajavunja ungo. Na kikatwe blanketi likiwa mwilini mwa Bibi, bado lina joto lake. Likishaanikwa nje limekufa, linakuwa kitambaa kama vitambaa vingine. Msichana wa nyumba ile alikuwa mmoja, naye ni mimi, Felista, wa miaka tisa.

Mwanzoni nilijiona mtu, jamani! Wanawake wazima wananiamkia "kamwene" kwa adabu, wananiletea karanga na viazi vya kuchoma. Nilikata upana wa vidole viwili, kuanzia pembeni, taratibu, huku wananitazama mkono. Bibi alikaa tu, blanketi limemzunguka, anauliza habari za mtoto, analala vizuri, anaharisha? Padri alipopata habari alikataza kanisani, akasema huo ni ushirikina mtupu. Wiki ile walikuja wengi kuliko wiki zote. Walisema kama kitu chenyewe hakina nguvu, padri anahangaika nacho cha nini?

Kufikia mwisho wa Juni blanketi lilimfunika Bibi kuanzia kiunoni kwenda kifuani. Miguu ilikuwa nje. Mimi niliyelala ubavuni mwake ndiye niliyejua kinachotokea moto ukishafifia. Alitetemeka. Meno yalimgongana. Nilimkumbatia na mwili wake ulikuwa wa baridi, wa baridi kabisa, hakuna cha joto la Mungu wala la nani. Halafu kikaja kikohozi, kile cha chini, kinachoanzia mgongoni.

Nikamwambia mama. "Bibi anatetemeka."

"Anasali."

"Anatetemeka, mama. Mimi nalala naye."

"Funga mdomo wako," mama alisema, na hakunitazama usoni. "Watu wakikusikia watasema nini?"

Nikamwambia Mama Ludovika, jirani yetu, yule ambaye mtoto wake ndiye aliyepona kwanza. Nilidhani yeye anampenda Bibi kuliko wote. Akanifinya sikio. "Mtoto mwongo wewe! Unataka watu wanyimwe?" Na kesho yake akaja kuomba kipande cha pili, cha dada yake wa Idodi.

Mtoto angefanya nini? Siku zile mkubwa akisema lete, unaleta. Mimi nilikuwa na wembe, lakini neno la kuwaambia rudini makwenu sikuwa nalo, hata ningekuwa nalo lisingetoka.

Nikaenda kwa Bwana Salumu. Huyo peke yake aliniamini. Alikuja jioni ileile na blanketi la pili, akasimama uani kwetu akafoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Nimempa mtu ajifunike, ninyi mnagawana kama nyama! Hamuoni haya?" Wanawake wakatazama chini. Bibi akamshukuru, akambariki yeye na watoto wake. Asubuhi ilipofika blanketi lile jipya likawa kwa mwanamke mmoja aliyejifungua kwenye kibanda kinachovuja, mume hana. Bibi alilipeleka mwenyewe, anakohoa njia nzima. Bwana Salumu aliposikia alikaa kwenye gunia la chumvi dukani mwake, akashika kichwa.

"Yarabi," akasema, "huyu mama nimfanyeje?"

Na mimi nikajaribu langu. Asubuhi moja Bibi ameketi nje anaota jua, nikalichukua blanketi, nikapanda kihenge, nikalifukia ndani ya mahindi. Wanawake walipokuja nikasema limeibiwa. Wakaanza kulia pale pale, mmoja ana mtoto mgongoni anayewaka homa. Bibi akaniita.

"Felista. Lete."

"Bibi, litakwisha."

"Litakwisha, ndiyo."

"Na wewe je?"

"Mimi nina moto. Na nina wewe."

Nilikasirika, na nikikumbuka hata sasa nakasirika. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni ninazookota mimi, na mimi nilikuwa mbavu tupu, ningempasha joto nani? Nikapanda kihenge nalia kwa sauti, nikalileta, likaja na punje za mahindi. Bibi akajifunika kidogo lipate joto lake, kama masharti yanavyotaka, nami nikakata.

Katikati ya Julai kilibaki kipande cha kufunika kifua tu. Bibi alikuwa hainuki tena. Kifua kilimkoroma. Mama alimpikia uji, nami nilimnywesha, ukawa unarudi. Tulimfunika na kaniki ya mama na magunia mawili, lakini gunia halishiki joto la mtu aliyekonda vile.

Asubuhi moja nikiwa napuliza moto, mama alitoka chumbani mbio, Gaudensi mikononi amekakamaa kama kijiti cha kuni, macho yamegeuka meupe.

"Kata! Felista, kata!"

Nikachukua wembe. Nataka niseme ukweli wa dakika ile, maana nimeubeba miaka yote. Mama hakuweza kukata mwenyewe, masharti yalimkataza. Mara ya kwanza katika maisha yangu mkubwa alikuwa hawezi kitu bila mimi, na ningeweza kusema sikati. Lakini huyo ni Gaudensi, mdogo wangu niliyembeba mgongoni tangu kitovu chake hakijaanguka. Sikutaka kukataa. Nilitaka kukata upesi, upesi.

Bibi akanishika mkono. "Usikate," alisema, kwa sauti ambayo hata mama ilibidi ainame kuisikia. "Mfunike lote."

Akalivuta mwenyewe kifuani pake akampa mama. Mama akamviringisha Gaudensi, akaketi chini, akawa anamtikisatikisa, anamwita jina. Haikupita muda mrefu mwili ule mdogo ukalegea, akalia. Mama akalia naye. Na mimi nikalia, kwa furaha, na ilipita kitambo kabla sijageuka kumtazama Bibi, ambaye alikuwa amekunja mikono juu ya kifua kitupu.

Nilidhani tutalirudisha jioni. Mama alilifunga mwilini mwa mtoto kwa kamba ya mgomba. Siku iliyofuata bado. Nikamwambia, "Mama, Bibi hana kitu." Akanigeukia, macho mekundu ya kukosa usingizi. "Unataka nilitoe, mdogo wako afe? Sema wewe. Nilitoe?"

Nikarudi jikoni, nikavua shuka langu nikaliongeza juu ya magunia, nikaketi na miguu ya Bibi mapajani mwangu, naisugua. Nilisugua mpaka viganja vikaniuma. Siku ya tatu, asubuhi, nilitoka kuchukua kuni, na niliporudi miguu ile ilikuwa haina tofauti na jiwe la kusagia.

Kwetu mtu akifa waombolezaji huja na nguo ya kumzikia. Walikuja Wakatoliki, walikuja Walutheri, kijiji kizima kilikuja, na walikuja na mablanketi. Mazuri, mazito, mengine yana harufu ya duka bado. Mama Ludovika alileta la kijani, akalitandaza yeye mwenyewe, akalainisha pindo kwa mkono. Walimviringisha Bibi blanketi juu ya blanketi mpaka waliombeba walisema amekuwa mzito. Mimi nikapiga kelele. "Yalikuwa wapi? Yalikuwa wapi haya?" Wakasema mtoto amechanganyikiwa na msiba, mtoeni. Bwana Salumu ndiye aliyenishika, akanipeleka nyuma ya nyumba, tukakaa chini pamoja, wala hakuniambia ninyamaze.

Mama hakulizungumza jambo hilo maisha yake yote, ila mara moja, akiwa mgonjwa wa kufa, tayari mimi nina wajukuu. Alinishika mkono akasema, "Nilijua anatetemeka. Nilikuwa namsikia ukutani." Nikamwambia basi, mama, pumzika. Ningemwambia nini zaidi?

Mwaka juzi walikuja vijana wawili wa parokia na daftari. Wanakusanya habari za Bibi Yustina, huenda siku moja Kanisa likamtangaza mtakatifu. Wakauliza kama ni kweli mdogo wangu aliponea kwenye blanketi lile. Nikawaambia alipona, nendeni mkamwone, anagombana na ng'ombe wake kila siku ya Mungu. Kama ni blanketi au degedege liliachia lenyewe, hilo sijui, wala sitasema nisilolijua. Wakaandika. Wakauliza kama ni kweli Bibi alikuwa hasikii baridi.

"Alikuwa anasikia," nikasema. "Nililala naye. Baridi ndiyo iliyomuua."

Wakatazamana. Yule mwenye kalamu akainama kwangu, kwa upole tu, kijana wa watu mwenye adabu. "Bibi, ulikuwa mdogo sana. Labda umesahau." Na hakuandika.

Sikubishana naye. Nimezeeka, na nilikwisha kusema neno hilohilo nikiwa na miaka tisa, kwa watu waliomjua, halikusaidia kitu. Lakini walipoondoka nilikaa na hasira peke yangu. Kama Yustina alikuwa hasikii baridi, basi alitoa kitu asichokihitaji, na hilo hata mimi naliweza. Alisikia. Aliisikia yote, usiku baada ya usiku, na asubuhi akasema lete. Na sisi tukachukua.