Anueni Michembe!

Wiki hii yote nimekwepa mtaa wa maduka hapa Bariadi, na sababu ni michembe. Viazi vitamu hivyo vya kukausha ndivyo nilivyowalelea wadogo zangu tangu wazazi walipofariki. Msimu uliopita mvua iliviozesha vyote, nikaapa kununua mashine ya kukaushia.

Niliacha shule darasa la tano, kwa hiyo nilitaka mwenye duka anione mtu anayejua mitambo. Wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto, sasa ni wanaume wenye ndevu, lakini niliwaonya njiani, "Mkae kistaarabu. Msinitie aibu."

Nilibeba viazi nilivyokata mwenyewe ili tujaribu mashine mbili, yenye trei za duara na yenye trei za kuvuta kama droo. Tulipofika, mwenye duka, Bwana Salum, akaziwasha. Nikakunja nne, nikaanza kuwaeleza wateja faida ya feni ya nyuma.

"Huyu dada ni fundi," Bwana Salum akasema. Kichwa kikavimba.

Ghafla mvua ikapiga bati.

"Anueni michembe!" nikapiga yowe.

Nilichomoa trei, nikazifunika kwa kanga yangu. Kulwa alikumbatia mashine nzima, waya ukining'inia. Doto akavuta turubai la kuuza, akatufunika sote. Hakuna aliyeuliza kitu, ndivyo nilivyowalea.

Kisha nikamsikia Bwana Salum, kwa upole kabisa: "Dada, tokeni tu chini ya turubai. Humu ndani hakunyeshi."