Jembe la Nyuma ya Mlango

Enzi za mama, nikienda nyumbani Uriri sikupitia mlango wa mbele hata siku moja. Nilizunguka nyuma, nikaingia jikoni, nikatupa mkoba juu ya gunia la mahindi na kuchukua jembe lililosimama nyuma ya mlango. Mama nilimkuta bustanini kwenye osuga yake, mboga chungu aliyoipenda kuliko nyama. Tulisalimiana hapo hapo, tumeinama.

Alipofariki, shamba lilibaki letu sisi watatu: kaka yetu mkubwa anayevua samaki ziwani kule Sori, mimi fundi wa nguo mjini Homa Bay, na kitinda mimba wetu, ambaye kwa mila ya Wajaluo ndiye hubaki na boma la wazazi. Mahakama ilimpa kila mtu sehemu yake, dada sawa na kaka, na kusema kweli nilitembea kifua mbele. Lakini kaka mkubwa alitaka injini ya mashua, na paa langu lilikuwa linavuja. Mdogo wetu akasema atanunua sehemu zetu, shamba lisije likakatwa vipande vipande. Hata leo sioni ubaya wa wazo hilo.

Siku ya kwenda mbele ya bodi ya ardhi ili iidhinishe mauzo, mdogo wangu alinivuta kando, nje ya ofisi.

"Nyaminwa," akaniita, yaani dada yangu, "si tupime bustani ya mama ibaki kwa jina lako?"

"Kibustani cha osuga kiwe na hati yake?" nikamcheka. "Watu watasema tumerukwa na akili. Kwani utanifukuza?"

Naye akacheka. Tukaingia, na mwenyekiti aliponiuliza kama ninauza kwa hiari yangu, nilijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Baadaye mdogo wangu alioa msichana Mkuria kutoka upande wa mpakani. Sisi naye lugha yetu ni Kiswahili. Mvua zilipoanza nilienda kuwatembelea, nikazunguka nyuma kama kawaida yangu. Wifi akaniwahi.

"Karibu mbele, dada. Huku jikoni ni moshi tu."

Ni mwanamke mwema, simsingizii lolote. Alinikalisha kwenye kochi lililotandikwa vitambaa vyeupe, akaniletea soda. Jioni nikachinjiwa kuku. Kwetu kuku alichinjiwa mchungaji na wakwe. Sisi watoto wa nyumbani tulikula osuga na ugali. Paja lile nililiuma mara moja nikalirudisha sahanini, na mdogo wangu aliona, akainamia sahani yake. Kuuza sijutii. Ninajutia kile kicheko changu pale nje ya ofisi, maana yeye alikuwa ameona mbali na mimi nikamfanya mtoto.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilivumilia kochi siku mbili. Ya tatu niliamka mapema nikaenda jikoni, na jembe nikalikuta pale pale, nyuma ya mlango. Nililishika. Wifi akaja akalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Wacha tu, dada. Wewe enda ukae, chai iko karibu."

Nikarudi kwenye kochi.