Siku Dada Aliponipiga Picha Nikila Mkate

Mimi ni fundi mizani. Karakana yangu ipo Igoma, mbele ya nyumba yangu, na kutoka meza ya kazi mpaka jikoni ni hatua kama kumi na tano. Natengeneza mizani ya wauza dagaa wa Kirumba na ya wenye maduka ya nafaka, na msimu wa pamba ukifika naletewa ile mikubwa ya kuning'iniza kutoka Magu. Watu huja kuchukua vitu vyao mchana, kwa hiyo mchana sina nafasi ya kukaa mezani. Kwa miaka mingi chakula changu cha saa hizo kimekuwa sandwichi ninayojitengenezea mwenyewe, mke wangu awepo au asiwepo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana ndilo ukoo wangu mzima ulikataa kulielewa.

Yenyewe haina maajabu. Slesi mbili za mkate nazipasha kwenye kikaango kikavu. Napasua parachichi, naliponda kwa uma juu ya slesi moja, nanyunyiza chumvi na matone ya ndimu. Naweka nyanya, na kitunguu nilichokiosha kwa chumvi ili kisiniwashe macho nikirudi kazini. Juu yake yai la kukaanga, lililoiva mpaka kiini, kwa sababu yai bichi likidondokea mizani ya mtu ni aibu. Nafunika na slesi ya pili, nakandamiza kwa kiganja, nakata katikati. Haichukui hata dakika kumi. Mke wangu alikuwa akinicheka kwamba nakula kama mtu anayewahi basi, lakini siku alizochoka kusahihisha madaftari, enzi hizo bado anafundisha shule ya msingi, aliniomba nimtengenezee na yeye.

Kisha mwaka mmoja mama yake alipigwa na kiharusi huko kwao Muleba. Mkono wa kulia ukafa na ulimi ukawa mzito. Mke wangu ndiye binti pekee, na alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo alifunga begi akaenda kumuuguza. Mimi nilimsindikiza stendi, nikamwambia akae huko mpaka mama apate nafuu. Kila jioni tulizungumza kwa simu. Aliniambia mama anakubali uji kutoka mkononi mwake tu. Mtu mwingine akishika kijiko, mama anafumba mdomo na kugeukia ukutani.

Wiki ya tatu dada yangu alikuja. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, ni mjane, analima mpunga Magu. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, na tangu hapo sijawahi kumjibu neno baya. Alifika mchana na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akanikuta jikoni nakata nyanya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye kikaango. Akauliza ugali uko wapi. Nilimweleza kwamba ugali nitapika jioni, kama ninavyofanya siku zote, na kwamba hiki ni chakula changu cha mchana tangu zamani. Nikamtengenezea na yeye. Aliila yote, akaomba niongeze chumvi.

Kisha akatoa simu. Alisema niinue ule mkate anipige picha, akawaonyeshe wajukuu. Nikainua. Nikatabasamu kabisa, na aproni yangu yenye madoa ya grisi.

Saa tisa, dada akiwa ameshaondoka, picha ikaingia kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Chini yake alikuwa ameandika: “Mdogo wangu anaishi kwa mkate, wiki ya tatu sasa. Mwenye jiko yupo kwao.”

Nilikuwa nimefungua mizani ya mtu, springi zimetapakaa mezani. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, aliuliza kama nyumba ile haina mwanamke. Binamu mmoja aliandika pole kana kwamba nimefiwa. Mwingine akasema yuko tayari kumtuma binti yake aje anipikie. Mwingine akaikuza picha, akaandika kwamba mashavu yangu yameingia ndani. Mashavu haya nimezaliwa nayo. Nikaona ni utani wa ndugu. Nikabonyeza kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi, nikarudi kwenye springi zangu.

Mke wangu naye yumo kwenye kundi hilo. Ndugu zangu walimwingiza wenyewe mwaka tuliomzika baba.

Jioni tulipozungumza aliniuliza nimekula nini. Nilimjibu kwamba nimekula kama kawaida. Akaniambia mama leo amemaliza kikombe kizima cha uji. Sikusikia chochote katika sauti yake. Kumbe baba mdogo alikuwa ameshampigia. Alimwambia kwamba mama yake ana wana wa kiume na wakamwana wa kumtazama, lakini mume wake ana mke mmoja, na kwamba ukoo hauwezi kukaa kimya wakati mtoto wao analishwa mkate kama mgonjwa wa wodini. Alimwambia hayo kwa upole, eti kama mzazi.

Jumamosi jioni nilikuwa nafunga karakana nikamwona mke wangu anashuka kwenye bodaboda na lile begi. Nikafikiri mama amefariki. Nilipomuuliza, alisema mama yupo, amemwacha na mke wa kaka yake.

“Sasa umerudi kufanya nini?” nikamuuliza.

“Nimekuja kukupikia,” akasema, akapita ndani.

Alipika ugali na sato, akaniandalia mezani, akakaa kunitazama nikila. Hapo ndipo nilipolazimika kumtoa maneno moja moja mpaka nikaijua habari yote. Nilitaka kumpigia baba mdogo palepale. Mke wangu alinizuia, akasema atakaa siku tatu watu waridhike, kisha atarudi Muleba. Siku tatu. Mwanamke wa miaka sitini, aliyelea watoto wetu mpaka wakaanza kazi zao, aliyemuuguza mama yangu mwenyewe mpaka akamfumba macho, anapanga siku za kuridhisha watu waliokaa Magu na Shinyanga wakitazama picha.

Jumatatu asubuhi simu ikaja kutoka Muleba. Tangu Jumamosi mama alikuwa amekataa kijiko. Alfajiri ile alikuwa amekata roho. Mke wangu aliisikiliza simu amesimama katikati ya jiko, akaiweka juu ya meza taratibu, akaanza kukunja nguo zake. Hakulia mpaka tulipokuwa kwenye basi.

Sisemi kwamba mama yule angepona. Daktari hakutupa matumaini tangu mwanzo. Ninachosema ni kwamba alikuwa na haki ya kufa akimwona mtoto wake, na mtoto alikuwa na haki ya kuwepo, na haki hiyo waliipoteza wote wawili kwa sababu mwanaume mzima, mwenye mikono miwili, alijikaangia yai.

Ukoo wangu ulikodi gari ukaja msibani. Dada aliingia uani analia kwa sauti kubwa kuliko wenye msiba, akajitupa begani kwa mke wangu, na mke wangu akampokea. Nilivumilia mpaka mama akazikwa kwenye kibanja chake, lile shamba la migomba la nyumbani. Kisha nikamwita dada na baba mdogo nyuma ya nyumba, penye migomba. Niliwaambia kwamba sandwichi ile nimeila miaka mingi, kwamba sikuwa na njaa, sikuwa nimetelekezwa, na hakuna aliyeniuliza. Baba mdogo alisema hapa si mahali pake. Dada alisema ilikuwa picha tu, yeye alitaka watu wacheke.

“Uliila, dada,” nikamwambia. “Uliila yote, ukaomba chumvi, kisha ukaenda kumshitaki mke wangu.”

Aliinamisha kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika maisha kumwambia dada yangu neno kali, na sikuona raha yoyote. Baba mdogo alinishika mkono akisema mambo ya familia huzungumzwa nyumbani. Nikautoa mkono wangu. Nilimuuliza mbona ya kwangu yalizungumzwa kwenye simu, mbele ya watu arobaini. Akarudi walipokaa wazee.

Nilidhani nimemaliza kazi. Tuliporudi Igoma, siku kadhaa baadaye, nilimwambia mke wangu kila nilichowaambia, neno kwa neno, nikisubiri aniambie nimefanya vizuri. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

“Ile siku ya picha nilikaa na simu kitandani kwa mama nikikusubiri uandike,” akasema. “Neno moja tu, kwamba huo mkate ni wako. Baba watoto, ukatuma kicheko.”

Nikaanza kujieleza kuhusu springi na mteja aliyekuwa anasubiri. Akaniacha niseme mpaka nikasikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyo mepesi. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Siku iliyofuata niliandika kwenye lile kundi. Niliandika kwa kirefu, bila matusi, habari yote tangu mkate mpaka kaburini, na sehemu yangu nikaiweka humo humo. Watu arobaini wakasoma. Wawili walijibu. Mmoja ni mdogo wetu wa mwisho wa kike, aliyeandika kwamba anaomba radhi kwa kukaa kimya. Mwingine alituma picha ya mbuzi anaowauza.

Dada hakuandika kitu. Baada ya mavuno alikuja na gunia la mchele, akaingia moja kwa moja jikoni kwa mke wangu, wakakaa humo mchana kutwa. Sijui walizungumza nini, na mke wangu hajaniambia. Nilisikia dada akilia, safari hii kwa sauti ndogo. Alipotoka nilimwamkia, na sikuongeza neno. Mke wangu amenisihi mara nyingi niache hasira, anasema msiba ni wake na yeye ameshasamehe. Nimejaribu. Ndugu zangu wakinipigia napokea, nawaulizia watoto na mazao, lakini hasira bado haijaniisha.

Kila mwezi sasa mke wangu huenda Muleba kutazama kibanja cha mama yake, akakaa wiki, wakati mwingine mbili. Mimi humpeleka stendi na simuulizi atarudi lini.