Senti Kumi kwenye Kifuniko cha Shosho

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mtu wa kutoka. Kuna wanawake hapa Munyaka wanaojua mji wote wa Eldoret, viazi vimeshuka bei wapi na mitumba mipya inafunguliwa saa ngapi. Mimi najua kona za nyumba yangu, na mbili kati yake sijazifagia vizuri. Jirani yangu mwenye duka, anayenipitishia maziwa dirishani ili nisivae viatu, hunicheka kila asubuhi. "Wewe! Hata kuku anayeatamia hutoka kunywa maji."

Ndiyo maana sarafu za zamani zilinifaa. Ni mchezo wa mtu anayekaa. Zilianzia kwenye mkebe wa vifungo alioniachia mama yangu. Nilikuwa natafuta kifungo cha shati la mume wangu, nikatoa shilingi tatu nyeusi kama zimetoka kwenye bomba la moshi. Upande mmoja simba, upande mwingine mfalme mwenye ndevu. Shati lile halijapata kifungo mpaka leo.

Sasa, lazima uelewe nililelewa vipi. Kwetu sufuria zilioshwa kwa stilwuli na majivu, zikaanikwa kwenye kichanja huku matako yakitazama barabara. Mpita njia akijiona uso kwenye sufuria yako, basi hapo pana mwanamke. Asipojiona, anauliza kama mwenye boma alioa ama aliajiri. Kwa hivyo nilifanya nilichofunzwa. Nilizisugua zile shilingi mpaka kucha zikaniuma, nikazipanga kwenye kitambaa cha kochi, nikamwita Mwalimu aje aone.

Mwalimu ni mstaafu anayekaa geti la tatu kutoka kwangu. Amezaliwa upande wa Moi's Bridge, kwenye mahindi, na amekusanya sarafu tangu enzi zile alipokuwa akifundisha darasa la tano. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta na leso, akaivaa tena.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimeziosha, Mwalimu."

"Hujaziosha. Umemnyoa mfalme ndevu."

Nikadhani ni utani. Nikaangalia. Kweli, mzee wa watu alibaki na kidevu kama cha mtoto wa nasari.

Siku hiyo ndipo nilipofunzwa sheria ya kwanza, ambayo kwangu ilikuwa kama kuambiwa niende kanisani bila kuoga: sarafu ya zamani haioshwi. Ule weusi ndio ngozi yake. Ukiusugua, umeondoa miaka yote iliyoishi na hairudi tena. Mimi, binti wa kichanja, nikaanza kuishi na uchafu kwa makusudi. Mama yangu angefufuka angeniombea.

Tukawa watatu: mimi, Mwalimu, na mwenye duka, aliyejiunga baada ya kugundua kwamba sarafu mbovu alizokuwa akiwakemea wateja kwazo tulikuwa tukizipigania. Tunakutana Alhamisi mchana nyumbani kwangu, kwa sababu mwenyekiti hatoki. Chai ni yangu, na mahamri analeta mwenye duka akisema yamebaki, ingawa tunajua ameyapika kwa ajili yetu.

Kuna grupu la simu pia, la wakusanyaji wa kila mahali, wanaume karibu wote. Nilijiunga nikaweka picha ya shilingi mahali pa uso. Nilikuwa naandika maneno machache na sikuwa nakosea sana, kwa hivyo kwa mwaka mzima waliniita Mzee. "Mzee, hii ni halisi?" "Mzee, tusaidie." Mimi niliyepata D ya historia kidato cha nne! Kisha siku moja nilikuwa nakanda chapati, vidole vimejaa unga, nikajibu kwa ujumbe wa sauti. Kimya kilichofuata kilikaa mpaka chapati zikaiva. Hatimaye mmoja akaandika, "Samahani, huyu ni mke wa Mzee?"

Nikajibu, "Mzee ni mimi. Mume wangu hajui tofauti ya sarafu na kizibo cha soda."

Tangu siku hiyo wananiita Madam, na wananieleza kwa upole mambo ambayo mimi ndiye niliyewaambia.

Lakini nilitaka kusimulia habari ya senti kumi. Wenye umri wataikumbuka: ya shaba, pana, ina tundu katikati, na kando ya tundu pembe mbili za ndovu. Nilikuwa nimeamua kupata senti kumi ya kila mwaka uliotengenezwa. Niliwaandikia watu, nikabadilishana, nikabembeleza, yote nikiwa nimekaa kitini. Albamu ikajaa, isipokuwa mfuko mmoja. Mwaka mmoja tu. Kila Alhamisi mwenye duka alikuwa akiweka kidole kwenye pengo hilo na kuniuliza, "Na huyu mtoto bado hajarudi shule?"

Miaka sita nilikaa na pengo hilo. Lilinikera kama jino lililong'oka, ulimi hauishi kurudi hapo.

Basi, Krismasi moja tulienda kijijini Soy kwa mama mkwe wangu, ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Shosho, ingawa ana kwa ana mimi humwita Mama. Shosho hajawahi kunitukana. Ananisifu tu kwa namna yake: "Huyu mke wa mwanangu ametulia. Ukimweka mahali, unamkuta." Baada ya chakula nikajitolea kuosha vyombo, maana jikoni kuna kiti. Nikafika kwenye kifuniko cha ile sufuria kubwa ya kupikia githeri, mahindi na maharagwe. Nikakigeuza. Chini ya nati inayobana kishikio, mahali ambapo fundi angeweka washa, kile kipete cha chuma, palikuwa na senti kumi.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa zaidi.

Upande uliotazama nje ulikuwa wa taji, umesuguliwa miaka na miaka mpaka umekuwa laini kama ukucha. Herufi za jina la mfalme zilionekana kwa shida, zikatosha. Na miaka ya mfalme huyo nilikuwa nayo yote isipokuwa ule mmoja. Shida ni kwamba mwaka umeandikwa upande wa pembe, na upande wa pembe ulikuwa umelala kifudifudi juu ya kifuniko.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilichukua kisu cha mkate, nikaanza kuizungusha nati polepole. Ikatoa mlio kama paka aliyekanyagwa. Nikaongeza nguvu. Kisu kikateleza, kifuniko kikaanguka kwenye sakafu ya simiti na kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka, kikitangaza habari zangu boma zima, mpaka kikasimama miguuni pa Shosho.

"Unavunja nini?"

"Nilikuwa naosha, Mama."

"Kwa kisu?"

Nikasema yote. Sarafu, albamu, Alhamisi, pengo. Nilikuwa nimemficha Shosho jambo hili miaka yote. Mwanamke anayeweka ndani pesa ambazo haziwezi kununua hata kiberiti, nani atamweleza mama mkwe? Shosho alisikiliza mpaka mwisho, akaokota kifuniko, akakikagua kama kimeumia.

"Kilete hicho kitabu nikione," akasema. "Na ukilete mwenyewe. Usitume mtu."

Ndivyo nilivyotoka nyumbani kwangu Januari, siku ya kazi, kwa hiari yangu, nimebeba albamu ndani ya mfuko wa unga. Mwenye duka aliponiona getini nimevaa viatu akaacha kupima sukari. "Haiya! Nani amekufa?"

Mfukoni nilikuwa nimebeba silaha mbili. Washa mpya ya dukani, inang'aa. Na senti kumi nyingine ya mwaka ambao ninazo kumi na moja, nimeichagua nzuri kabisa, nyeusi ya kupendeza, haijaguswa na maji tangu wakoloni wafunge virago.

Shosho alifungua albamu juu ya magoti yake, akapitisha kidole juu ya plastiki. Hakuuliza mwaka wala mfalme. "Hii nilienda nayo sokoni. Hii, ukiwa nayo, wasichana wanakufuata." Alipofika kwenye pengo akasimama.

"Hapa ni pa nani?"

"Ni pa ile ya kifuniko, Mama. Kama ndiyo yenyewe."

Nikatoa washa. Akaigusa kwa ncha ya kidole. "Hii itashika kutu kabla ya Pasaka." Nikatoa senti yangu nyeusi. Akaichukua, akainusa. Naapa, aliinusa.

"Hii unataka niweke juu ya githeri?"

"Ni nzuri sana hiyo, Mama. Haijawahi kuoshwa."

"Naona."

Akanirudishia. Nimesifiwa sarafu hiyo na wanaume wa kaunti nyingi, lakini jikoni kwa Shosho ilikataliwa kwa ajili ya afya ya umma.

Kisha akacheka peke yake, na akaniambia. Wakati huo alikuwa ameolewa juzi tu. Ile senti kumi ilikuwa ya kununua chumvi, ameiweka juu ya rafu. Kurudi kutoka shambani jioni, senti hakuna. Kishikio cha kifuniko kilikuwa kimetoka, washa haikupatikana, na mumewe, kijana mwenye ujuzi mwingi kuliko busara, akaona senti ina tundu tayari. Akaifunga hapo. Akamwonyesha akitabasamu, akingoja kusifiwa.

"Ilikuwa pesa!" Shosho akasema, na hasira ilikuwa mpya kama maziwa ya asubuhi. "Pesa inayotumika! Tulikula githeri bila chumvi. Nikanuna siku nne."

"Na kwa nini hukuifungua ukaichukua?"

"Niifungue mimi? Nilimwambia itakaa hapo mpaka aniombe msamaha."

"Akaomba?"

"Bado."

Mzee wake amelala nyuma ya shamba la mahindi huu mwaka wa tisa. Sikujua nicheke au ninyamaze. Yeye alicheka, kwa hivyo na mimi nikacheka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe tulicheka kitu kimoja.

"Lakini kuisoma tu," nikasema. "Nisome, niirudishe."

Akaenda chumbani, akarudi na spana ya marehemu mzee, yenye mkanda wa mpira kwenye mpini, akatia tone la mafuta ya kupikia kwenye nati. "Hivi ndivyo inavyofunguliwa. Si kwa kisu cha mkate."

Nati ilitii. Kishikio kikatoka, skrubu ikatoka, na senti ikabaki kwenye kiganja changu. Nikaigeuza.

Upande ule haukuwa umeona stilwuli hata siku moja. Ulikuwa umelala juu ya aluminiamu tangu Shosho akiwa bi arusi, na pembe za ndovu zilikuwa kali, kila mstari mahali pake, na ngozi ya kahawia iliyoiva kama chai ya rangi. Upande mmoja ukucha, upande mwingine mali. Sijawahi kuona sarafu ya aina hiyo, na nimeona nyingi nikiwa nimekaa.

"Soma," Shosho akasema. "Macho yangu siku hizi yanaona watu tu."

Nikasoma. Ulikuwa ule mwaka.

Nadhani uso wangu ulisema yote, kwa sababu Shosho aliangalia albamu, akaangalia pengo, akaniangalia mimi. Nilikuwa na albamu wazi magotini. Mfuko wa plastiki ulikuwa umepanua mdomo. Ingeingia kwa sekunde moja, na ningerudi Munyaka na mwenye duka angekosa mahali pa kuweka kidole chake maishani.

Shosho akanyoosha kiganja.

Hakuomba kwa ukali. Aliweka tu mkono hapo, ukiwa wazi, kama mtu anayesubiri chenji yake. Nikamwekea.

"Nikienda," akasema, "kifuniko ni chako. Lakini utachukua na sufuria yake, na utapika ndani yake. Sitaki nisikie imewekwa ukutani."

"Sawa, Mama."

"Na ukifika huko kabla yangu, utamuuliza huyo mzee ananingojea na neno gani."

Tukairudisha pamoja, yeye akishika kishikio, mimi nikikaza nati kwa spana. Nilihakikisha pembe zimelala chini, mahali ambapo hakuna atakayezifikia. Kwenye albamu, katika lile pengo, kuna kikaratasi siku hizi: *Iko Soy, inafanya kazi.* Mwalimu alipokisoma alivua miwani. Mwenye duka alisema ndiye mtoto wa kwanza kwangu kupata ajira.

Na mimi ninatoka. Mara moja kila mwezi navaa viatu, naenda Soy, na watu wameacha kuuliza nani amekufa. Ninaenda kuiona senti yangu ambayo si yangu. Siku ile ya kwanza, tulipomaliza kukaza, nilikuwa nasimama kuaga wakati Shosho aliponiwekea kifuniko mikononi, na juu yake rundo la stilwuli na majivu kwenye kisahani.

"Umekishika kwa mafuta. Kisugue kabla hujaenda."

Nikaanza pembeni, mbali na nati, nikizunguka zunguka. Nikakaribia katikati kwa ncha ya kidole kimoja, nikipita juu ya taji lile lililobaki kidogo kama mtu anayempangusa machozi mtoto aliyelala.

"Wewe," Shosho akasema kutoka mlangoni. "Unaiosha ama unaiombea?"

Nikasugua.