Mwanamke wa Birika

Mwaka huu, mwezi wa Shaabani, kila baada ya alasiri mjukuu wangu akinisomea kitabu cha zamani cha Kirusi. Kimepigwa chapa kwa Kiarabu, naye akinigeuzia Kiswahili, maana Kiarabu cha vitabuni kinanipita juu. Shule mimi nilikaa kidogo tu. Nnalala, kiyoyozi kinanguruma, nnafumba macho, na mara chumba kinajaa theluji. Sijapata kuiona. Kwangu ni unga wa mchele unaochekechwa toka mbinguni, bila ya sauti, mpaka milima yetu mikavu ya Muskat nayo inakuwa myeupe.

Watu wa kitabu kile wengi, na kila mmoja ana jina lake, na la baba yake, na jingine la kubembelezwa. Mjukuu wangu akiyachanganya, nikimsahihisha macho yamefumbwa.

"Bibi, wewe ungewekwa uwanja wa ndege, kwenye uhamiaji!"

Anayetupikia na kutupigia pasi ni mwanamke wa Muheza, miaka mingi yuko nasi. Akipigia chumbani kwangu apate kusikiliza. Siku zile baba yake alikuwa mgonjwa, kalala, na yeye kaomba ruhusa akamwone. Mke wa mwanangu kamwambia angoje Idi ipite, kwa kuwa Ramadhani nyumba hujaa wageni. Mimi niliona ni maneno ya maana.

Siku moja tukafika pahala mabwana wamekaa sebuleni wanabishana juu ya wakulima wao, waliokuwa mali yao kama ng'ombe: wawaachie huru ama wasiwaachie. Maneno mazuri, marefu. Katikati yake anaingia mwanamke na birika kubwa la shaba, vidole vimepasuka kwa baridi. Analiweka, anasimama mlangoni. Basi. Mabwana wanaendelea.

"Ngoja," nikasema. "Huyo wa birika anaitwa nani?"

"Hajatajwa, Bibi."

"Kwani hana baba?"

"Si mtu wa hadithi huyo. Kaleta chai tu."

"Mwandishi kamtazama mpaka vidole. Hakumtazama bure."

Mjukuu wangu akasema ndivyo walivyokuwa waandishi wale: hawakwambii nani mbaya, wanakuonyesha chumba kama kilivyo, na aliyesimama mlangoni pia.

Mwenzetu wa pasi akacheka. "Huyo ana neno lake, Bibi. Chai ishafika, mbona haondoki? Anataka kuomba kitu, anangoja wanyamaze."

"Na hawanyamazi," mjukuu wangu akasema.

"Watanyamaza saa ngapi, watu wenyewe wanavyopenda kusema!"

Tukacheka sote. Nilipofumbua macho nikamwona kasimama mlangoni, kanzu za mwanangu mikononi, anataka kuzipeleka. Kichwani mwangu theluji ilikuwa bado inanyesha, ikimwangukia yeye mabegani.

"Baba yako anaitwa nani?" nikamuuliza.

Akanitajia. Mimi nnayekumbuka mtaa mzima niliozaliwa Unguja, nyumba kwa nyumba, jina lile nilikuwa nnalisikia mara ya kwanza.

"Anakula?"

"Uji, akilishwa. Dada anasema siku nyingine hawajui watu. Naogopa nikifika hatanijua."

Kesho yake mwanangu kaja kula mchana, katoka gereji yake ya mtaa wa Ghala, mkewe kakaa naye. Nikawaambia mwenzetu wa pasi aende kwao wiki hii hii.

"Mama, na futari nani atapika?" mwanangu akauliza.

"Nnaona mikono hapa mezani, imekaa inangoja wali."

"Na wageni, Mama?" mkewe akaguna. "Watakula nini?"

"Watakula ulichopika. Kikiwashinda, watakwenda kwao mapema."

Mwanangu akacheka mpaka akapaliwa. Mkewe hakucheka. Lakini alasiri ile ile alikwenda mwenyewe kumkatia tiketi, akarudi akafungua kabati lake, akamtia pasipoti yake mkononi.

Mwenzetu kaondoka. Ramadhani ikaingia, sambusa zetu zikifumuka mafutani, wageni wakila wakinyamaza. Siku moja, kabla ya magharibi, akatupigia simu ya picha kutoka Muheza. Nyuma yake migomba na mvua, kijani kitupu, hata macho yangu yaliyozoea mawe yakaniuma.

"Kanijua, Bibi," akasema. "Kaniuliza, umekula?"

Mvua ikazidi huko, picha ikaganda, na uso wake ukabaki vile vile kwenye kioo, mdomo wazi, maji yanamtiririka. Sikutaka mtu aizime simu.