Kichupa cha Kumi

Haya, sogeeni. Na wewe wa mlangoni, kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu hii maneno sikuambiwa na mtu. Ilinipata mimi mwenyewe, na kovu ndiyo hii kwa kidole gumba. Shika uone. Mwenye kunibishia abishane kwanza na kidole.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzo mwanzo. Nilikuwa mama mchanga, mwembamba, siyo hivi mnaniona nimejaa kama gunia. Nilikuwa nimeolewa Otonglo, na watu waliniita Nyar Sakwa, yaani binti wa Sakwa, kwa sababu kwetu ni kule Bondo. Shule nilifika darasa la pili, na hiyo ya pili yenyewe nilirudia. Lakini kufagia, yawa! Kwa kufagia nilikuwa profesa.

Hiyo ufagio ndiyo ilinipeleka Kisumu, kwa nyumba moja ya mawe karibu na reli. Siku hizo neno makumbusho halikuwa midomoni mwetu. Tuliita tu nyumba ya vitu kuukuu. Daktari mmoja mzee alikuwa amekusanya vitu vya hospitali za zamani, akafa, vitu vikabaki: mizani ya watoto, misumeno ya mifupa, masindano makubwa ya kukutoa jasho ukiyaangalia tu. Mwenye funguo alikuwa Mzee Zakayo, mtu mzuri, lakini alikuwa anapenda vile vitu kuliko watu.

Sasa, ndani ya kabati moja kulikuwa na boksi ya mbao, imejazwa pamba, na kwa pamba kuna mashimo kumi ya kulalia vichupa vya sindano. Mnavijua? Vile vya glasi nyembamba, vidogo kama kidole cha mtoto. Hakuna kifuniko. Shingo imechomwa kwa moto ikajifunga yenyewe, na ukitaka dawa unaikwaruza na kisumeno kidogo, halafu unaivunja, tak! Mashimo tisa yalikuwa tupu. La kumi lilikuwa na kichupa kizima, dawa ndani, rangi ya chai ya rangi nyepesi.

Wageni wakija, Mzee Zakayo alikuwa anainua kidole. "Hii ndiyo ya maana. Hizo tisa watu walizembea zikapotea. Hii moja ni bahati yetu."

Nilipangusa hiyo kabati karibu mwaka mzima. Je, niliwahi kujiuliza kwa nini hiyo moja ilibaki? Wewe ungejiuliza? Vumbi ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Basi, Akinyi wangu akaugua. Alikuwa wa miaka mitatu, mtoto wangu wa kwanza na wakati huo wa pekee. Homa, kifua kinavuta hivi, hhh, hhh, na sikio la kushoto linatoa usaha. Jumamosi asubuhi nikampeleka kwa matibabu, mahali sitataja. Sista akamwangalia, akasema huyu anahitaji sindano, na sindano imeisha, lori italeta Jumatatu. Jumatatu! Mtoto anayepumua vile, unamwambia angoje Jumatatu?

Otonglo kulikuwa na bwana mmoja tuliyemwita Daktari. Hakuwa daktari. Alikuwa amefagia wodi miaka mingi mpaka akaiba akili ya madaktari. Alikuwa na sindano yake moja, anaichemsha kwa sufuria, anadunga kijiji nzima. Nikamwendea. Akasema, "Nyar Sakwa, mkono niko nao. Dawa ndiyo sina. Leta dawa yoyote ya glasi, nitadunga."

Nikamuuliza, "Hata ikiwa ya zamani?"

"Dawa ya glasi haiozi, mama. Kama kichwa hakijavunjwa, hiyo ni mbichi. Ni kama yai kwa tumbo la kuku."

Mnacheka. Sisi tuliamini. Nilimwachia Baba Akinyi mtoto, nikaenda kazini mchana, na Mzee Zakayo alipoenda kunywa chai nikafungua ile kabati. Nikakichomoa kutoka kwa pamba. Nikafunga kichupa kwa leso, nikaweka kifuani hapa, nikashika njia ya kurudi kwa miguu.

Na msidhani ilikuwa usiku. Watu hufikiri mambo kama haya yanangoja usiku. Ilikuwa saa kumi na mbili, jua bado liko juu ya ziwa, jekundu, na naona kila kitu. Karibu nifike Otonglo, pale penye ua wa miti ya ojuok, ile yenye maziwa makali, kulikuwa na mama amesimama kando ya barabara. Amevaa nguo nyeupe ya kufunga begani, mtoto mgongoni. Kijana tu, hata mimi nilikuwa namzidi.

"Oimore, Nyar Sakwa," akanisalimia za jioni.

Nikaitikia. Amenijuaje? Nikafikiri ni mtu wa sokoni.

"Nyieka, umeniletea?"

Nyieka! Hilo ni jina la mke mwenza. Nikaudhika, nawaambia ukweli. Nikamjibu, "Kama wewe ni wa Baba Akinyi, nenda umwambie yeye akuletee. Mimi sikualikwa hiyo harusi."

Akacheka, na ndiyo nikaona mdomo wake. Meno sita ya chini hayako. Zamani wazee wetu walikuwa wanang'oa hayo meno, hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu Waluo. Nyanya yangu aling'olewa. Lakini msichana wa umri ule, wakati ule? Nikajua: huyu ni jachien. Huyu alikufa, na hajalala.

Akanyoosha mkono kifuani kwangu, hakunigusa. "Hiyo ni ya mtoto yangu. Tulikuwa kumi kwa laini, mimi wa mwisho. Bwana wa sindano akadunga watoto tisa. Kila mama akapewa glasi yake tupu aende aonyeshe nyumbani, ndiyo ilikuwa desturi. Nikafika mimi. Akaangalia jua, akafunga boksi. Akasema hii moja inawekwa, labda mtoto wa mkubwa ataugua."

Unasikia? Zile tisa hazikupotea. Zilienda nyumbani na mama zao. Kile kichupa wageni walikuwa wanashangilia ni kile ambacho mtoto wa mtu alinyimwa.

"Nikarudi mikono mitupu," akasema. "Baba ya mtoto akauliza, umeenda kweli? Nikasema nimeenda. Glasi iko wapi? Ukoo wote ukauliza, glasi iko wapi? Wakasema nilienda kwa mwanaume. Mtoto akafa siku ya tatu, na wanasema ni mimi. Mpaka leo wananiuliza, nyieka. Kule tuliko, wananiuliza."

Sasa mimi, niamini, badala ya kukimbia nilianza kupatana na marehemu kama napatana na muuza omena sokoni! Nikamwambia, "Dada, chukua glasi, niachie dawa. Nimdunge wangu leo, kesho asubuhi nakuletea glasi yako hapa hapa."

"Ikidunga wako, glasi ni ya wako. Nitaenda kumdanganya nani nayo?"

"Wangu anakufa!"

"Najua," akasema. Hakukasirika. Akageuka nimwone mtoto wake, na akawa anajitikisa. Mnajua vile mama hutikisa mtoto mgonjwa, kidogo kidogo, ili asiende? Mtoto ameshaenda zamani, rangi yake ni ya majivu, na yeye bado alikuwa anamtikisa. Miaka yote hiyo hakuwa amepumzisha mgongo.

Hakunishika. Hakunizuia njia. Barabara ilikuwa wazi mpaka kwangu, na moshi wa nyumba yangu ningeuona kutoka pale. Lakini nilimwangalia ule mgongo, na miguu ikakataa.

Nikatoa kichupa. Kisumeno sikuwa nacho, nikavunja shingo kwa vidole, tak, na glasi ikaingia hapa kwa gumba. Akafunua paja la mtoto. Nikamimina. Paja lilikuwa baridi kama samaki wa jana. Dawa ikapita, ikaanguka kwa vumbi, damu yangu nyuma yake.

Yule mama akaacha kutikisa.

Akachukua glasi tupu, akaifunga kwa kamba ya kiuno cha mtoto, akaipima na kidole kama imekaza. "Erokamano," akasema, ndiyo ahsante yetu. Akateremka kuelekea ziwani kupitia kwa nyasi ndefu, na hakuna nyasi hata moja iliinama.

Nilipofika nyumbani, Daktari alikuwa amechemsha sindano, anapuliza jiko. Baba Akinyi ameshika mtoto. Hhh, hhh.

"Dawa?" Daktari akauliza.

Nikafungua leso: kidole tu, kinatoka damu.

Daktari akapiga paja. "Yawa, mwone! Sisi tumeweka maji, tumewasha moto, na mama amerudi na kidole! Nyar Sakwa, ulienda kutafuta dawa ama ulienda kutafuta bwana?"

Na Baba Akinyi akaniangalia, akauliza pole pole, "Umeenda kweli?"

Maneno yale yale. Nikamnyooshea tu mkono. Ile shingo ya kichupa ilikuwa bado imesimama kwa nyama ya gumba. Akaivuta akaitoa, akaiangalia kwa mwanga wa taa, na nikamwambia yote. Hakusema ananiamini. Alimwambia Daktari aende nyumbani, akatoa baiskeli.

Tulifika langoni kwa yule Sista usiku huo na tukakaa hapo Jumapili yote, kwa mkeka, tukimpa maji na kijiko. Mlinzi alichoka kutufukuza, akatuletea uji. Hakukuwa na mtu mwingine. Sisi ndiyo tulikuwa wa kwanza, naapa, nilikuwa nimeegemea mlango wenyewe. Jumatatu alfajiri laini ikajaa nyuma yetu mpaka barabarani, na lori ikaja.

Sista akafungua mlango. Akatazama mbele yangu, pahali ambapo hapakuwa na mtu, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiza. Halafu akaniambia, "Haya, wewe ingia. Huyu mama wa mbele yako amesema utangulie. Amesema wake ameshadungwa."

Baba Akinyi alinishika kiwiko nusura akivunje. Sikuangalia. Niliingia na mtoto wangu.

Akinyi alipona kifua. Huyo ndiye mama yenu, mwenye kelele. Lakini lile sikio la kushoto lilikufa hizo siku mbili, ndiyo sababu mnamwita upande wa kulia. Hiyo dawa kuukuu ingemponesha sikio? Ama ingemwua pale pale kwa mkono wa yule Daktari mfagiaji? Nimejiuliza usiku mwingi. Mungu ndiye anajua, na hajaniambia.

Kwa Mzee Zakayo nilienda mwenyewe, nikakiri. Akalia machozi, mtu mzima. "Umeiba kitu pekee cha maana!" Nikamwambia, "Mzee, sasa zote kumi zimefika nyumbani." Alinifukuza, na watu wa mji wakaniita mwizi miaka mingi. Sawa. Niliiba, sikatai.

Lakini tangu hapo siwezi kusimama kwa laini ya matibabu bila kugeuka. Hata juzi kwa kliniki ya macho niligeuka mpaka yule kijana wa nyuma akaniuliza, "Nyanya, unatafuta nani?" Natafuta wa mwisho. Huwa ninamtafuta, nimwambie apite.

Kwa hivyo sikieni, na muwaambie watoto wenu. Ukiona dawa imebaki mahali, nzima, watu wanaisifu, usiiguse kabla ya kuuliza ni nani aliondoka bila hiyo. Na siku utabeba mtoto mgonjwa, ukajikuta wa kwanza kabisa kwa mlango, usijibane na huo mlango. Rudi nyuma hatua moja. Acha nafasi ya mtu mmoja hapo mbele, hata kama hauoni mtu.